Kiwewe cha utotoni shuleni: maswali ambayo walimu wakuu huyarudia

Haya ni maswali yanayorudi kila walimu wakuu wa msingi na wakuu wa sekondari wanapokaa kuzungumzia watoto waliopitia ukatili, misiba au vita, na walimu wanaowafundisha watoto hao. Mifano mingi ni ya Tanzania Bara. Pale Kenya au Uganda wana jambo la kutufaa, limetajwa. Si lazima usome kwa mpangilio, majibu yanaelekezana.

## Mambo ya msingi

1. Kiwewe cha utotoni ni kitu gani hasa?

Ni athari inayobaki mwilini na akilini mwa mtoto baada ya kupatwa na jambo lililozidi uwezo wake wa kulibeba: kupigwa hadi kuumizwa, kubakwa, kumshuhudia mama akipigwa, kufiwa na mlezi, kukimbia vita, kutelekezwa. Tukio moja laweza kutosha. Mara nyingi zaidi ni mambo yanayojirudia ndani ya nyumba ileile ambayo mtoto hana budi kurudi jioni. Si kila aliyepatwa na baya hubaki na kiwewe. Wengi husimama tena wakipata mtu mzima mmoja wa kumtegemea, na kwa watoto wengi mtu huyo ni mwalimu.

Utafiti ulioipa hoja hii uzito ulifanyika San Diego, Marekani, na matokeo yake ya kwanza yakachapishwa mwaka 1998 na madaktari Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao. Katika awamu zake mbili ulihusisha watu wazima zaidi ya 17,000. Kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za madhila utotoni, ndivyo hatari ya ugonjwa wa moyo, ulevi na kujaribu kujiua ilivyopanda ukubwani. Tahadhari moja: maswali ya utafiti ule yalitungwa kwa ajili ya kuchunguza makundi ya watu. Usiyachapishe ukawagawia wanafunzi kama dodoso la kuwapima.

2. Shule yangu ipo kijijini, kumetulia. Kweli linatuhusu?

Linakuhusu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yaliyowapata kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Karibu robo tatu ya wote walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Takwimu hizo zina umri sasa, lakini fanya hesabu kwa darasa lako lenye wasichana 40 uone unapata wangapi. Utulivu wa kijiji mara nyingine ni ukimya tu.

3. Mwalimu atamtambuaje mtoto huyu?

Kwanza, mwalimu hatoi majina ya magonjwa. Kazi yake ni kuona mabadiliko na kuyaandika.

Mwalimu anainua mkono afute ubao, na mtoto wa dawati la mbele anajikinga uso. Mwingine anasinzia kila kipindi cha kwanza kwa sababu usiku halali. Mwingine hajibu akiulizwa, anakodoa macho ukutani, na mwalimu anamwona jeuri. Yupo anayepigana kwa kuguswa bega. Yupo pia yule ambaye hakuna anayemshuku: msafi, mtiifu kupita kiasi, wa kwanza darasani, ambaye akikosa hesabu moja anatetemeka. Mwili uliozoea hatari unabaki kama king'ora kilichoharibika. Kinalia hata kwa kishindo cha mlango. Wakati kinalia, sehemu ya ubongo inayofikiri na kukumbuka haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo kumwuliza "kwa nini umefanya hivi?" mbele ya wenzake hakuleti jibu.

Dalili moja ya siku moja haitoshi. Mabadiliko yanayodumu wiki kadhaa yanastahili kuletwa ofisini kwako.

4. Hii si kazi ya mwalimu wa ushauri na unasihi? Kwa nini iwe yangu?

Kwa sababu mwalimu mnasihi hana mamlaka juu ya mambo manne yanayoamua kila kitu: ratiba, adhabu, zamu, na yale yanayosemwa kwenye kikao cha walimu. Yote manne yako mezani kwako.

Nitasema wazi ninachokiamini, na maswali mengine yote humu yanatoka hapo: walimu huwatendea watoto vile wanavyotendewa na mkuu wao. Mwalimu aliyefokewa mstarini mbele ya wanafunzi kwa kuchelewa dakika kumi hawezi kuingia darasani saa mbili akawa mpole kwa aliyechelewa. Maandalizi ya kiongozi yanaanzia kwenye namna anavyozungumza na watu wake.

## Kuwaandaa walimu

5. Tuanzie wapi bila bajeti?

Anzia getini. Simama mwenyewe asubuhi wiki moja pale wachelewaji wanapopigishwa magoti, uwaulize mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kimetokea nini nyumbani. Utawajua wanaoteka maji kabla ya shule, wanaouguza bibi, na wale wasiotaka kupita njia fulani kwa sababu ya mtu fulani. Ukishajua hayo, orodha ya wachelewaji utaisoma kwa jicho jingine.

Kisha tumia saa ambazo tayari unazo. Vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) vya jumuiya ya ujifunzaji shuleni vinaweza kubeba mada hii bila posho wala ukumbi: kila kikao mwalimu mmoja alete tabia moja inayomshinda darasani, bila kutaja jina la mtoto, na wenzake waijadili kwa nusu saa. Ukipata nafasi ya kozi ya uongozi ADEM (Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu) Bagamoyo, uliza maswali haya huko. Usingoje nafasi hiyo ndipo uanze.

6. Semina ya siku moja inatosha?

Haitoshi, na kuna ushahidi wa kupima hilo katika ukanda wetu wenyewe.

Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziliingizwa katika jaribio; nusu zikapewa programu ya shule bora ya shirika la Raising Voices. Ilidumu miezi 18 na kuwagusa walimu, wanafunzi, uongozi na wazazi. Mwishoni, wanafunzi waliosema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na wafanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31, dhidi ya asilimia 49 katika shule ambazo hazijapewa programu. Matokeo yalichapishwa 2015. Hapa Tanzania, mtafiti Mabula Nkuba na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya mafunzo ya siku chache mfululizo kwa walimu wa sekondari za serikali, na matumizi ya adhabu kali yalipungua miezi kadhaa baadaye.

Sasa upande wa pili. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, programu iliyojengwa juu ya vikundi vya walimu kusaidiana wenyewe ilipimwa katika shule 27. Matokeo yaliyotoka 2021 hayakuonyesha kuwa ukatili ulipungua. Ninavyolisoma mimi, mwalimu mwenye darasa lililofurika, katika mazingira yasiyobadilika, hawezi kubadilika kwa nia njema peke yake. Anahitaji mfumo wa shule umshike mkono, na mfumo huo unaanzia kwako.

7. Walimu wangu wanasema, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Niwajibu nini?

Usiwabeze, wanasema kweli kuhusu maisha yao. Ukibishana nao kwa takwimu utashinda hoja na kupoteza ofisi nzima. Waulize badala yake: kati ya mliosoma nao darasa la nne, waliochapwa na wakaacha shule wako wapi leo? Ofisi hunyamaza kidogo hapo, halafu mtu anataja jina.

Jambo la pili ni la kiutendaji. Mwalimu ukimnyang'anya fimbo bila kumpa kitu mkononi, atahamia kwenye matusi, na matusi nayo yanajeruhi. Kwa hiyo mbadala utangulie (angalia swali la 9), fimbo ifuate kuondoka.

8. Sheria inasemaje kuhusu viboko?

Tanzania Bara, kanuni zilizorekebishwa mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama hayupo shuleni. Kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu.

Soma tena maneno "kwa maandishi". Maana yake ni kwamba mwalimu wa zamu anayetembea na fimbo mstarini bila barua yako anavunja kanuni, na kwamba hakuna anayekulazimisha kuandika barua hiyo. Wapo wakuu walioacha tu kuteua mtu, kimyakimya, na shule haikuporomoka.

Kenya hakuna mjadala: viboko vimepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

9. Mwalimu mwenye watoto 90 darasani atafanya nini cha maana?

Mambo yasiyohitaji muda wa ziada. Kipindi kianze na kiishe kwa namna ileile kila siku, maana mtoto mwenye kiwewe huogopa ya ghafla. Mabadiliko yatangazwe mapema: "Baada ya wimbo tutatoka nje." Mtoto anayeshtuka akae ukutani, pale asipokuwa na mtu mgongoni na anapouona mlango. Makosa yake yazungumzwe pembeni, asisimamishwe mbele ya wenzake. Akianza kuhema au kutetemeka, apewe kazi ya kumtoa bila aibu, kama kupeleka madaftari ofisini, arudi ametulia.

Hawezi kuongea na 90 kwa siku. Anaweza kuwasalimu kumi kwa majina mlangoni, kesho kumi wengine. Akiwa na watoto wawili au watatu anaowahofia, hao awasalimu kila siku.

Kilicho chini ya uwezo wako: usimpe mwalimu huyo darasa kubwa zaidi kwa sababu tu "analiweza".

10. Mwalimu wangu ameanza kuchoka, anakasirika, hataki tena kusikia habari za watoto. Ni uvivu?

Pengine sivyo. Anayesikiliza mateso ya watoto kila wiki hubeba sehemu yake: huota ndoto mbaya, hukwepa watoto fulani, huugua kichwa Jumapili jioni. Walimu wengine wana vidonda vyao vya zamani ambavyo habari ya mtoto inavitonesha.

Kosa la kawaida mashuleni ni kumtwika mwalimu mmoja wa kike kila kitu: yeye ni matroni, mnasihi, mlezi wa klabu ya wasichana, na bado ana vipindi sawa na wengine. Mpunguzie vipindi, hata viwili. Mteue wa pili, mwanamume ikiwezekana, kwa sababu wavulana nao wanabakwa na hawana pa kusemea. Kila wiki mbili kaa naye dakika kumi na tano, mlango umefungwa, simu pembeni, swali likiwa "wewe unaendeleaje?" kabla ya "kesi ngapi?" Akihitaji daktari, mpe ruhusa bila kumwomba maelezo ya kina.

11. Walimu wanaweza kutoa tiba ya kisaikolojia wenyewe?

Wakifunzwa kwa kina na kusimamiwa, baadhi wanaweza. Kaunti ya Bungoma, Kenya, walimu wamefunzwa kuendesha programu ya vikundi iitwayo Pamoja Tunaweza kwa watoto waliofiwa na wazazi, wakiwa na wasimamizi wa kuwaongoza hatua kwa hatua. Bila usimamizi wa namna hiyo, mwalimu asijaribu kumfanya mtoto asimulie tukio zima "ili litoke". Asikilize linalokuja, kisha aelekeze.

## Mtoto anaposema

12. Mtoto amemwambia mwalimu kwamba anabakwa. Nini kifuate?

Mwalimu asikilize bila kudadisi. Asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Maneno machache yanatosha: "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Nitamwambia mwalimu mkuu ili tukusaidie." Kisha aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, tarehe, saa, na sahihi yake. Asimhoji mara ya pili, na wewe usimhoji upya. Kila kurudia kunamjeruhi na kunaweza kuharibu ushahidi.

Wewe wasiliana na afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa. Kama tukio ni la karibuni, hospitali haisubiri: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Mtoto asioge kwanza. Nguo zake zifungwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono ina daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, hivyo PF3, fomu ya polisi ya matibabu, haigeuki safari nyingine. Ukikwama, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Kenya nako namba ni hiyohiyo.

Usimwite anayetuhumiwa "aje ajieleze". Na kabla ya kumwita mzazi, jiulize kama mzazi huyo ndiye mhusika au anaishi naye.

13. Nani shuleni anapaswa kujua?

Wachache: wewe, mwalimu aliyeambiwa, mnasihi. Mwalimu wa darasa ajulishwe anachohitaji tu, kwa mfano "asikae peke yake na mgeni yeyote, na akiomba kutoka mruhusu". Kisa kisisomwe kwenye kikao cha walimu kama ajenda. Nimeona kisa kikisomwa hivyo saa nne asubuhi, na kabla ya mlo wa mchana muuza maandazi wa getini alikuwa anakijua. Faili likae kwenye kabati lenye ufunguo, na kundi la WhatsApp la walimu lisiguse suala hili kabisa.

14. Familia zimekubaliana "yaishe nyumbani". Nifanyeje?

Huna mamlaka ya kukubali. Mapatano ya ng'ombe au fedha hayafuti kosa la jinai, na "alikubali" si utetezi kwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Tangu mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari kuna adhabu ya kifungo cha miaka 30. Waambie wazee kwa adabu kwamba umekwisha kutoa taarifa, na hakikisha umekwisha kweli. Shinikizo likizidi, mwite afisa elimu kata akae nawe kwenye mazungumzo. Usikae peke yako mbele ya watu kumi na wawili.

## Hali ngumu

15. Anayetuhumiwa ni mwalimu wangu, tena mzuri kazini.

Njia ni ileile ya swali la 12, bila mkato wa "kumwonya kwanza". Mwondoe kwenye mazingira ya kukutana na mtoto huyo kwa siku hiyo, toa taarifa polisi na kwa mwajiri, na masuala ya kinidhamu yaachie Tume ya Utumishi wa Walimu. Kumwombea uhamisho ni kulipeleka tatizo kwa watoto wa shule nyingine. Kenya, waraka wa Tume ya Walimu wa 2010 unampa mwalimu anayejua au kushuku saa 24 za kutoa taarifa.

16. Shule nzima imepata msiba. Siku ya kwanza tufanye nini?

Yametokea kwetu. Tarehe 6 Mei 2017 ajali ya basi Karatu iliua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Septemba 2024 moto wa bweni Endarasha, Nyeri, uliua wavulana 21.

Watoto waambiwe ukweli kwa maneno mafupi, na mwalimu wanayemjua, darasa kwa darasa, kabla ya fununu kufika. Msiwalazimishe wote kusimulia walichoona. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo. Msaada wa awali wa kisaikolojia una hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Dawati la marehemu lisiondolewe usiku. Waulizeni wanafunzi wanataka lifanyiwe nini. Waandishi wa habari wabaki nje ya geti. Walimu nao ni wafiwa, kwa hiyo ombeni walimu wa shule jirani washike baadhi ya vipindi. Baada ya mwezi, angalia nani bado halali usingizi, hali chakula, au hataki kupanda gari.

17. Binti amerudi baada ya kujifungua. Walimu wanamnong'ona.

Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi, kwa hiyo kurudi kwake si hisani ya shule. Kumbuka kwamba mimba yenyewe inaweza kuwa matokeo ya ukatili. Ongea na walimu kabla ya siku yake ya kwanza: hakuna utani wa "mama fulani", hakuna kumtumia kama mfano mstarini. Mpange na mwalimu mmoja wa kumpokea, na mkubaliane mapema kuhusu siku mtoto wake atakapougua.

18. Mwanafunzi ameandika kwenye daftari kwamba anataka kufa.

Mwulize moja kwa moja, faraghani, kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Asiachwe peke yake, sumu na kamba ziondolewe karibu, mlezi salama aitwe, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Daftari lisipitishwe ofisini. Asiadhibiwe.

19. Wasichana wanaanguka na kupiga kelele, mmoja baada ya mwingine. Wazazi wanasema ni mapepo.

Hili si geni. Januari 1962 kicheko kilianza kwa wasichana wachache wa shule ya bweni Kashasha, karibu na Bukoba. Kikawapata 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Hali kama hizi huambukizana kwa kuonana, hasa palipo na shinikizo kali: mitihani, adhabu, njaa bwenini, hofu ya mtu fulani.

Watenganishe kwa upole, waondoe watazamaji, fungua madirisha, na mhudumu wa afya awapime ili kuondoa shaka ya malaria, kifafa au sumu kwenye chakula. Imani ya wazazi usiidharau. Mzazi anayetaka kumwombea mwanawe afanye hivyo nyumbani au katika chumba cha faragha. Maombi ya kelele mstarini mbele ya shule nzima huongeza idadi ya wanaoanguka. Msichana wa kwanza kuanguka usimwite mchawi wala mwigizaji, wala usiruhusu mwalimu amwite hivyo. Siku mbili baadaye, mambo yakishatulia, mwalimu wa kike anayeaminika azungumze naye peke yake, na pia na wawili watatu wanaolala vitanda vya jirani. Wakitaja mtu, rudi swali la 12.